Kusafisha mbeta, madumu na visu kabla msimu wa ulanzi haujaanza

Ulanzi, yaani pombe ya utomvu wa mwanzi, uliogemwa asubuhi ukiwa tayari unauma ulimi saa nne, usiulaumu mwanzi. Lawama ni ya mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia utomvu. Chachu ya mwaka jana imelala kwenye vinyweleo vya ule mwanzi mkavu tangu msimu ulipokwisha, na utomvu mtamu ukidondokea humo inaamka kama hamira kwenye unga. Ndiyo maana kazi hii hufanywa wiki mbili kabla ya kugema, mvua za Novemba au Desemba zinapokaribia, ili vyombo vipate muda wa kukauka.

Anza kwa kuchagua. Gonga kila mbeta mdomo ukiwa chini, halafu mulika ndani kwa tochi. Ukiona matundu madogo kama ya sindano na unga mweupe unaomwagika, wadudu wameshaingia, na hiyo ni kuni. Ukungu mweusi uliozama kwenye ukuta wa mwanzi nao hautoki, hata usugue vipi. Ufa mwembamba karibu na mdomo unavumilika. Ule unaofika kwenye fundo la chini utavujisha utomvu usiku kucha. Usione uchungu kutupa. Mianzi ipo, na kukata mbeta mpya ni kazi ndogo kuliko kuharibu dumu zima la mtogwa, yaani ulanzi mtamu ambao haujachacha.

Zinazobaki ziloweke kwenye maji baridi usiku mzima, saa 12 hivi, ukizigandamiza kwa jiwe kwa sababu mwanzi huelea. Kuloweka kunafanya mambo mawili: uchafu uliokauka unalainika, na nyufa ndogo zinajifunga mwanzi unapovimba. Asubuhi ijaze kila moja maji, isimamishe mahali pakavu kwa nusu saa, uone ipi inalowesha chini.

Sasa kusugua. Funga katani kwenye ncha ya fimbo, chovya kwenye majivu laini yaliyochekechwa, usugue hadi chini kabisa. Palipo na kazi ni kwenye kona, pale ukuta unapokutana na fundo. Pitisha kidole au kijiti humo: mara nyingi utatoka na utando wa kahawia unaoteleza, wenye harufu ya siki. Huo ndio adui mwenyewe. Kwa mbeta mpya, kwangua pia ile ngozi nyembamba kama karatasi iliyo ndani ya mwanzi. Ikiachwa hubanduka kidogo kidogo, na uchafu hujificha nyuma yake. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Sabuni yenye manukato usiitie kwenye mwanzi kamwe, maana harufu yake hunyweka na utaionja hadi Februari.

Baada ya hapo chemsha. Nusu pipa linatosha kwa mbeta nyingi kwa mara moja. Zizamishe zikiwa zimejaa maji, midomo juu. Ukizitumbukiza kifudifudi hewa inanasa ndani, na sehemu unayotaka kuisafisha haiguswi na maji ya moto. Hesabu dakika 30 tangu maji yaanze kutokota. Huku kwetu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100: Iringa mjini ni takriban 95, na Njombe, palipoinuka zaidi, ni takriban 93. Tofauti hiyo si ya kutisha, ila dakika tano za haraka haraka hazitoshi, kwa sababu joto linahitaji muda kupenya ukuta wa mwanzi.

Zianike kifudifudi kwenye kichanja, kivulini, penye upepo, siku mbili au tatu. Jua kali mara tu baada ya kuchemsha litazipasua. Zikikauka, zitundike kwenye gunia la wavu. Ukizifunga kwenye mfuko wa plastiki zitaota ukungu kabla hujagema hata tone. Mtihani wa mwisho ni pua: tia maji ya vuguvugu, funika saa moja, nusa. Kama siki bado ipo, rudia mara moja. Ikibaki tena, tupa.

Madumu yana taratibu yake. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, petroli au viuatilifu halisafishiki, basi. Plastiki hunyonya sumu na kuirudisha polepole. Maeneo ya nyanya kama Ilula, na kwenye mashamba ya viazi, madumu ya dawa yamezagaa, kwa hiyo usinunue dumu kuukuu usilojua lilikotoka.

Kwa dumu zuri la lita 20, tia lita mbili za maji ya moto ya kustahimilika na mkono, sabuni ya mche iliyokwanguliwa kiasi cha kijiko, na glasi ya mchele mkavu. Tikisa dakika tatu, geuza upande, tikisa tena. Mchele unabandua utando bila kuchubua. Mchanga unachubua, na chachu hupenda mikwaruzo. Maji yanayotokota usiyamimine humo, dumu litajikunja. Kisha chomoa ule mpira ulio ndani ya kifuniko. Wengi hawaufungui, na chini yake ndipo ukungu hukaa mwaka mzima. Uking'oka vipande, nunua mpya.

Dumu likishatakata ndipo utie klorini, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijaua chochote. Kwa ile ya dukani yenye asilimia 3.5, vijiko vya chakula 8 katika lita 20 za maji vinatosha. Acha dakika 15, mwaga, suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Usiichanganye na siki wala ndimu: hutoa hewa yenye sumu. Usiitie kwenye mbeta, maana mwanzi unaifyonza, wala kwenye kisu, maana itakila.

Kisu kisugue kutu, kinoe mpaka kikate ncha ya chipukizi la mwanzi bila kuivuta, halafu kipake mafuta ya kula. Oili ya injini hapana. Kisu butu huponda ncha ya chipukizi, na iliyopondwa haitiririshi vizuri. Kitambaa cha kuchujia chemsha dakika 20. Kikinuka hata baada ya hapo, nunua kingine cha pamba.

Wapo wagema wanaoacha mbeta chafu kwa makusudi ili ulanzi ukolee upesi. Huo ni ubahatishaji, kwa kuwa pamoja na chachu unafuga vimelea vya siki na vya mlenda. Anayetaka mkali auache kwenye dumu safi, utakolea wenyewe. Chachu ya hewani na ya nyuki huingia tu. Usafi haukuzuii kupata mkali, unakupa saa chache za mtogwa ambazo vinginevyo hungezipata. Na kama uwezo upo, andaa seti mbili za mbeta: moja ikiwa mwanzini, nyingine imeshachemshwa na inakauka.