Mwache Mama Ashike Simu Mwenyewe: Leseni ya Biashara kwenye TAUSI

Nina steshenari Moshi mjini, na kazi inayonilisha ni kujazia watu fomu za serikali. Siku hizi sijazi. Mteja anajaza mwenyewe, mimi nakaa pembeni. Wenzangu wenye steshenari, jaribuni.

Kilichonibadilisha ni mama mmoja wa mitumba Kiborloni. Leseni yake imeisha, akaunti ya TAUSI, mfumo wa serikali wa kuombea leseni mtandaoni, anayo, ila mwaka uliopita alifunguliwa kwa namba na barua pepe ya kijana aliyemhudumia. Kijana kahama, laini imezimwa. Tulihangaika siku mbili.

Hatua ya 1. Laini iwe yake. Apige *106# aone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake, yaani kitambulisho cha taifa. Mkikuta anatumia laini ya mwanawe, simameni hapo, akasajili yake kwanza. Kiswaswadu kinatosha kupokea ujumbe. Ukurasa mtaufungua kwenye kompyuta yako.

Hatua ya 2. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisomeni kwa sauti. Akisema "hiyo siyo siku yangu, mwanangu," hilo ni la kupeleka ofisi ya NIDA. TIN, namba ya mlipakodi, nayo iwepo. TRA huitoa bure, asikudanganye mtu.

Hatua ya 3. Aandike mwenyewe: tausi.tamisemi.go.tz. Mzoeze kuangalia ule mwisho wa .go.tz kabla ya kuandika chochote.

Mfumo utamuuliza maswali ya utambuzi, na hapo ndipo wengi hukwama. Majibu yanalinganishwa na alichojaza siku ya kujiandikisha NIDA. Kama mama yake aliandikwa kwa jina la ubatizo, lile la nyumbani halipiti, hata kama kijiji kizima kinalijua. Mpe muda akumbuke, usimkisie.

Hatua ya 4. Nenosiri. Geuka, tazama ukutani. Wataalamu watanikemea, lakini mimi humwambia aliandike kwenye daftari analofungia kabatini nyumbani. Bora huko kuliko kichwani mwangu.

Hatua ya 5. Aina ya biashara na mahali ilipo havisumbui. Akishatuma maombi, asubiri kontroo namba, yaani namba ya kulipia: tarakimu 12, zinaanza na 99. Alipe kwa simu yake kupitia menyu ya malipo ya serikali. Pesa ya leseni usiishike, hata akikusihi kwamba ana haraka ya kurudi sokoni. Wewe chukua ya kuchapa na ya muda wako, basi.

Hatua ya 6. Kabla hajainuka, atoke kwenye akaunti, kisha aingie tena bila wewe kumgusia. Akishindwa, rudini kwenye nenosiri. Kama kuna foleni, hudumia mwingine. Yeye mwekee kiti pembeni aendelee kujaribu.