Umepata Toughbook 33? Anza hivi kabla ya kwenda nayo mwaloni

Panasonic Toughbook 33 ni laptopu ambayo kioo kinachomoka kinakua tableti, sasa kabla hujaibeba kwenda mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma kagua vile vifuniko vya matundu ya chaji na USB, maana IP65 inamaanisha vumbi haliingii na maji ya kurushiwa inahimili, ila vifuniko viwe vimefungwa, na sio uizamishe ziwani jamani!

Kama ni yuzdi fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri kwenye Windows) andika powercfg /batteryreport, kwenye ripoti inayotoka linganisha ujazo wa betri wa kiwandani na wa sasa, ukikuta umeshuka nusu omba bei ipungue. Betri ziko mbili na hapa ndo nimeipenda kweli, unachomoa moja huku nyingine inashikilia mashine, haizimi, umeme wa Kigoma ukikatika we unaendelea na kazi yako.

Ukiwa unarekodi dagaa kibodi iache nyumbani, ni nzito. Vidole vikilowa badili tachi iende mod ya maji. Juani pandisha mwanga mpaka mwisho, zile niti 1200 (kipimo cha mwanga wa kioo) unasoma vizuri tu. Ukirudi usifute mchanga kwa kitambaa kikavu, unachora kioo, kitambaa kiloweshe kidogo kwanza.