Kuna pesa zako zimelala mahali? Hivi ndio unazidai

Akaunti ya benki ikikaa miaka 5 bila kuguswa, ama pesa zilizobaki kwa M-Pesa ya laini ya zamani zikikaa miaka 2, zinafaa kupelekwa kwa UFAA, ile mamlaka ya serikali ya Kenya inayoshikilia pesa zisizodaiwa na wenyewe, iliyotokana na sheria ya 2011, na si hizo tu, kuna migao ya hisa na bima pia.

Anza na simu, piga *361# uweke namba ya kitambulisho, ama uingie tovuti yao. Usijitafute peke yako, tafutia wazazi pia, maana kuna wazee walinunua hisa kitambo na hawakuambia mtu nyumbani.

Ukipata kitu jaza fomu ya madai, ambatanisha kopi ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya ushuru) na karatasi ya akaunti utakayolipwa. Kama mwenyewe alifariki hapo ndio kuna kazi, utahitaji cheti cha kifo na karatasi za mirathi zinazoonyesha ni nani amepewa kusimamia mali, kwa hivyo jamani ketini kama familia mkubaliane mapema, ugomvi wa ndugu unachelewesha kuliko hata korti.

Ofisi iko Pacis Centre, Waiyaki Way pale Westlands. Kudai ni bure kabisa! Mtu akikuitisha pesa ya kufungua faili ama namba ya siri ya M-Pesa huyo ni mwizi, kata simu.