Kuhama chuo bila kupoteza mwaka: kusoma krediti zako na kupanga shahada upya

Anayetaka kuhama chuo, awe anatoka Usa River kwenda Moshi au anatoka Moshi kuja Njiro, Arusha, huuliza kwanza: "Watanikubalia krediti ngapi?" Swali hilo lina haki yake, lakini linaloamua ada yako na miaka yako ni jingine: nikishakubaliwa, itabaki mihula mingapi? Mtu anaweza kukubaliwa krediti 70 akasoma miaka mitatu kamili, na mwingine akakubaliwa 80 akamaliza kwa miwili. Tofauti yao inaweza kuwa kozi moja tu, na hapo chini tutaipiga hesabu.

Krediti ni nini hasa

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Humo mna mihadhara, semina, maabara, kazi za nyumbani na muda wa kujisomea. Kozi ya krediti 10 ni saa 100 za kazi. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni krediti 360 na ya miaka minne ni 480. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), kama Chuo cha Uhasibu Arusha, navyo huhesabu krediti moja kwa saa 10, ila kozi huitwa moduli na shahada ya kwanza husomeka NTA (tuzo ya taifa ya ufundi) ngazi ya 8.

Tahadhari ni kwa anayerudi kutoka nje. Vijana wengi wa Arusha husoma Nairobi, na wa Moshi huvukia Holili. Huko kipimo ni kingine: huhesabiwa saa za darasani, bila kujisomea. Ulaya mwaka mmoja ni krediti 60. Marekani shahada nzima ya miaka minne ni kama krediti 120, idadi ambayo hapa kwetu ni ya mwaka mmoja. Usichukue namba iliyoandikwa kwenye transkripti (taarifa rasmi ya matokeo) ya nje ukaijumlisha na za hapa. Zigeuze kwanza kuwa saa, kisha linganisha. Matokeo ya nje hupitia tathmini ya TCU, na aliyemaliza sekondari nje huhitaji ulinganifu wa cheti kutoka NECTA (Baraza la Mitihani). Anza mambo hayo mawili mapema kabisa, maana chuo hakigusi faili lako kabla hayajakamilika.

Je, unahamishika?

Kabla ya kulipia kivuli hata kimoja cha karatasi, jibu maswali haya.

Una sifa za kuingia kwenye programu mpya? Alama nzuri za chuo hazifuti matokeo ya kidato cha sita. Kiwango cha chini cha kuingia moja kwa moja ni principal mbili (masomo mawili yenye alama A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0, kwa masomo yanayotakiwa na programu hiyo. Aliyeingia kwa stashahada huhitaji GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, tena ya fani inayohusiana. Mtu mwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anayetaka kuhamia programu inayodai principal ya hisabati atakwama hapo, hata kama ana A tupu za mwaka wa kwanza.

Umeondoka kwa amani? Aliyedisko (aliyeondolewa kwa kufeli), au aliyefukuzwa kwa nidhamu, hahami; anaomba upya kama mwanafunzi mpya, kama chuo kitamruhusu. Ukiona hali inaelekea huko, zungumza na mshauri wako wa masomo juu ya kuahirisha kabla matokeo hayajapitishwa. Yakishapitishwa na Seneti, mlango huo umefungwa.

Umemaliza angalau mwaka mmoja? Aliyedahiliwa juzi hana krediti za kuhamisha. Yeye huhamisha nafasi ya udahili, ndani ya dirisha la uhamisho linalotangazwa na TCU kwa mwaka wa kwanza. Ni safari nyingine kabisa, wala asipeleke maombi ya krediti.

Na je, shahada ya kwanza ipo hapo unapopataka? Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, kwa mfano, ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu.

Karatasi zinazobeba uzito

Transkripti ya muda yenye muhuri wa msajili inajulikana. Kinachosahaulika ni silabasi, nacho ndicho kinachopigania krediti zako. Mkuu wa idara wa chuo kipya haangalii jina la kozi. Anaangalia mada zilizofundishwa, saa, vitabu na namna ya upimaji. "Takwimu za Biashara" ya chuo kimoja inaweza kuishia kwenye wastani na grafu, na ya chuo kingine ikafika kwenye majaribio ya dhana na regresheni. Jina ni lile lile, kozi ni mbili.

Omba idarani kwako silabasi ya kila kozi uliyofaulu, toleo la mwaka ule uliosoma wewe. Mitaala hupitiwa upya. Ukipeleka ya mwaka huu na wewe ulisoma ya zamani, misimbo ya kozi haitalingana na transkripti, na faili litarudishwa. Kila silabasi igongwe muhuri wa idara. Ikikosekana, daftari halisaidii. Omba barua ya mkuu wa idara inayoorodhesha mada na krediti.

Ongeza barua ya chuo cha zamani inayosema umeachiwa na kwamba huna kesi ya nidhamu. Barua hiyo haitoki kama unadaiwa ada au kitabu cha maktaba, kwa hiyo klirensi (uthibitisho kwamba hudaiwi) ndiyo ya kuanza nayo. Ina faida nyingine: kwenye mfumo wa udahili unatambulika kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na kama chuo cha zamani hakijakuachia, namba hiyo bado imeshikwa kule.

Jedwali la ulinganifu

Usiiachie idara kazi yote. Chora jedwali lenye safu tano: kozi yako na msimbo wake, krediti na alama, kozi ya chuo kipya unayodai inafanana nayo, krediti zake, na mada zinazolingana. Mwenye jedwali hujibiwa mapema, kwa sababu mhadhiri anayelipitia anahakiki tu badala ya kuanza kutafuta.

Kanuni za kutarajia: kozi uliyofeli haihami, wala yenye sapu (mtihani wa marudio) isiyokamilika. Kwenye vyuo vingi C (40–49) ni ufaulu, lakini idara inaweza kudai B kwa kozi za msingi, na programu za afya pale Moshi zina viwango vyao vikali zaidi. Kozi ya krediti 8 haijazi nafasi ya krediti 12 bila nyongeza. Kila chuo kina kikomo cha krediti kinachopokea kutoka nje, kwa kuwa hakiwezi kutoa shahada ambayo sehemu kubwa imesomwa kwingine. Uliza kikomo hicho kwa maandishi, na uliza pia ukomo wa umri wa krediti kama uliacha masomo miaka kadhaa nyuma. Kwa sababu ya kikomo hicho, kuhama ukiwa mwaka wa tatu ni hasara karibu kila mara. Wakati mzuri ni baada ya mwaka wa kwanza.

Hesabu mihula

Tuchukue mfano. Mwanafunzi amemaliza mwaka wa kwanza wa Usimamizi wa Biashara, krediti 120, anahamia Uhasibu. Idara inakubali kozi saba za krediti 10: Kanuni za Uhasibu I na II, Hisabati za Biashara, Takwimu, Uchumi, Kompyuta na Stadi za Mawasiliano. Jumla ni 70. Zimebaki 290. Kwa mzigo wa krediti 60 kwa muhula, 290 gawanya kwa 60 ni 4.83, yaani mihula mitano. Anapumua: amepoteza muhula mmoja tu.

Sasa tazama mnyororo wa kozi tangulizi, yaani zile unazopaswa kuzifaulu kabla ya kusoma zinazofuata. Tuseme Uhasibu wa Gharama I hufundishwa muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, nayo haikukubaliwa. Gharama II inayoidai iko muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Uhasibu wa Menejimenti unaoidai Gharama II uko muhula wa pili. Kozi ya mwisho ya mnyororo iko muhula wa pili wa mwaka wa tatu. Anaingia Oktoba, muhula wa kwanza, na Gharama I haifundishwi. Anaisoma muhula wake wa 2, Gharama II wa 3, Menejimenti wa 4, na ya mwisho wa 6, kwa sababu muhula wa 5 haitolewi. Mihula sita ni miaka mitatu kamili. Mwaka mzima umekwenda, na hesabu ya krediti haikumwonya.

Geuza kitu kimoja: Gharama I ikubaliwe. Krediti zilizokubaliwa ni 80, zimebaki 280. Mnyororo unaanza na Gharama II muhula wa 1, Menejimenti wa 2, ya mwisho wa 4. Na kama kanuni za chuo zinaruhusu mzigo wa krediti 70 kwa muhula, 280 gawanya kwa 70 ni nne barabara. Miaka miwili. Kozi moja ya krediti 10 imeokoa mwaka wa ada, chumba na chakula.

Kwa hiyo, ukipata majibu ya idara, usikate rufaa kwa kila kozi iliyokataliwa. Tafuta ile iliyo kichwani mwa mnyororo mrefu kuliko yote, uipiganie hiyo kwa silabasi mkononi. Kama kilichopungua ni mada mbili tatu, omba ufanye mtihani maalumu au uisome sambamba na inayofuata. Kozi za hiari zilizokataliwa ziache ziende.

Kuchora mpango

Kwenye karatasi moja chora masanduku ya mihula iliyobaki. Weka kwanza kozi za minyororo, kuanzia ya mwisho ukirudi nyuma. Kisha mafunzo kwa vitendo, ambayo huwa likizo ndefu na mara nyingi hudai kozi fulani ziwe zimekamilika. Kisha utafiti wa mwaka wa mwisho na kozi ya mbinu za utafiti inayoutangulia. Mwisho ndio ujaze za hiari kwenye nafasi zilizobaki.

Halafu chukua ratiba halisi ya chuo. Mwanafunzi aliyehamia husoma kozi za mwaka wa kwanza na wa pili kwa pamoja, na ratiba haikutungwa kwa ajili yake: Jumanne saa nne anaweza kutakiwa kumbi mbili. Mgongano wa mihadhara huweza kuvumilika. Mgongano wa mitihani hauna dawa, na ukiuona wiki ya mitihani umechelewa. Usitegemee pia kusoma Moshi ukilala Arusha. Ni kilomita 80 hivi, na kipindi cha saa moja asubuhi hakingoji foleni ya barabarani.

GPA nayo

Uliza kama alama za zamani zitaingia kwenye GPA au krediti zitahesabiwa bila alama. Tofauti ni kubwa. Mtu mwenye krediti 80 za wastani wa 2.8 na krediti 280 za wastani wa 3.6: zikichanganywa, 224 jumlisha 1,008 ni 1,232, gawanya kwa 360, anapata 3.4, daraja la pili la chini. Zisipohesabiwa anabaki na 3.6, daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5. Jibu hili liwemo kwenye barua kabla hujakubali.

Mkopo na usajili

Mkopo wa Bodi ya Mikopo hautembei wenyewe. Ada hulipwa kwa chuo na programu iliyosajiliwa, kwa hiyo onana na afisa mikopo wa vyuo vyote viwili kabla hujaondoka. Yaangalie miaka: uliyepangiwa mitatu, ukiongeza mmoja, ni lazima ujue nani atalipa huo wa nne.

Uamuzi wa idara peke yake ni maoni. Hupitia kitivo na Seneti, kisha chuo huwasilisha jina lako TCU. Usihame chumba wala kulipa ada kwa ahadi ya mdomo. Subiri barua inayotaja kila kozi iliyokubaliwa, krediti zake na mwaka unaoingia.

Ukishasajiliwa, fungua akaunti yako kwenye mfumo wa matokeo. Kozi zilizokubaliwa zionekane humo kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Zisipoonekana, peleka nakala ya barua kwa afisa mitihani siku hiyo hiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa". Pengo hilo likigundulika wakati orodha ya wahitimu inaandaliwa, Seneti itakuhesabu mwenye krediti pungufu, na jina lako litasubiri mahafali ya mwaka unaofuata.