Namna ya kumlea fundi mpya bila kumnyang'anya spana

Boila yetu iligoma Jumatatu, siku tatu baada ya mzee aliyeihudumia kwa miaka 22 kuagwa kwa pilau na soda, akapewa mabati yake akaenda zake. Mota ya pampu ya kulishia maji ilikuwa inazunguka kama kawaida, ila maji hayapandi. Tukabadilisha sili. Tukafungua vali moja baada ya nyingine. Tukamsema vibaya aliyenunua spea. Siku ya pili jioni kijana mmoja akadandia Noah hadi Muheza, akamkuta mzee anapalilia michungwa yake. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kile kikoki cha juu ya pampu mlikifungua?"

Hatukukifungua. Hatukujua hata kina kazi gani. Maji yanayolisha boila yetu yanafika pampuni yakiwa ya moto sana, yanatoa mvuke, na pampu iliyojaa mvuke haisukumi maji. Mzee kila asubuhi alikuwa anafungua kikoki, anangoja mpaka yatoke maji matupu bila kupumua, anafunga, anawasha. Sekunde kumi tu.

"Sasa mzee, mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza. Na ningewaambia yote, mngenibakiza?"

Jibu hilo la pili ndilo lililonikaa kichwani. Mimi ni sapavaiza wa matengenezo katika kiwanda cha kusokota nyuzi za mkonge hapa Tanga, nimebakiza miaka mitatu nami nifike 60. Ninayoyaandika hapa ni ya karakana ya watu kumi, kumi na tano, isiyo na idara kubwa ya utumishi wala fungu la semina. Mwenye ofisi ya wahasibu au jiko la hoteli nadhani atajiona humu pia, abadilishe tu spana aweke kalamu au mwiko.

Anza na mashine kabla ya kugawa watu

Jaribio letu la kwanza lilianza na watu. Utumishi walileta orodha: fulani mlezi, fulani mwanagenzi. Kukawa na fulana, kukapigwa picha. Baada ya miezi miwili hakuna aliyekuwa anakutana na mwenzake, na siwalaumu, maana hawakuwa na la kukutania. "Vipi, unaendeleaje?" "Naendelea vizuri, fundi." Basi, wanakwenda kunywa chai.

Mara ya pili nikachukua kalenda kuukuu, nikaigeuza upande mweupe, nikaandika mashine na kazi zote ngumu upande wa kushoto: kuwasha boila baada ya kusimama muda mrefu, kulinganisha mota na pampu, kutafuta fezi iliyokatika, kusoma mega (kipimo cha kujua kama insulesheni ya nyaya ni nzima), kubadilisha meno ya mashine ya kuchania. Juu nikaandika majina ya mafundi. Kisha nikapita na kila mmoja na swali hili: "Hii ikiharibika saa nane usiku, nawe uko peke yako, utaiinua?" Akisema ndiyo, alama. Akisitasita, hakuna alama.

Kazi 19, na 11 zilikuwa na jina moja tu. Tatu kati ya hizo jina lenyewe lilikuwa langu, na mimi nina presha.

Karatasi hiyo ndiyo programu. Yaliyobaki yote ni njia ya kuhakikisha kila mstari unapata jina la pili. Mlezi na mwanagenzi hawakutanishwi "kwa ajili ya maendeleo". Wanakutanishwa kwa ajili ya mstari wa saba, na mstari wa saba ukikamilika wanaweza kuachana bila hasira.

Kumpata mlezi

Usimchague fundi hodari kuliko wote kwa sababu ya uhodari wake. Yule wetu akimwona mtu anafungua nati taratibu, anapandwa na homa. Tazama wakati wa chai vijana wanamkalia nani karibu, nani wanamwuliza maswali ya kijinga bila kuona haya. Huyo ndiye, hata kama ni wa pili au wa tatu kwa ujuzi.

Asiwe pia mtu anayemsainia likizo au kumjazia fomu ya tathmini. Watu wa pwani hili tulilijua zamani: mwari hafundwi na mama yake, anatafutiwa somo, yaani mwanamke mwingine wa kumfunda. Kuna mambo mtu hawezi kuyasema mbele ya mwenye mamlaka juu yake. Kijana hatamwambia bosi wake kwamba mwaka mzima amekuwa akishika mega bila kujua namba inasema nini. Atamwambia somo, tena akiwa anacheka.

Kuhusu ile hofu ya mzee, ya kufundisha halafu ukatemwa, maneno matamu hayaiondoi. Mimi nilimwendea meneja nikaomba iandikwe kwenye maelezo ya kazi kwamba huwezi kupanda daraja la fundi mkuu kama hujamfikisha mtu angalau mmoja kwenye mstari mmoja wa ile karatasi. Ilichukua muda, lakini iliandikwa. Tangu hapo anayeficha ujuzi anajifungia mlango mwenyewe. Posho ya kila kikao nilikataa, na wenzangu mpaka leo wananilaumu. Nimeshaona posho inavyozaa vikao visivyo na mafunzo.

Muda uwe wa kazi

Ulezi wa "mkimaliza kazi" haudumu. Watu wana familia, wana kuku, wana vikoba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na zinazozidi zinalipwa kwa mara moja na nusu. Ukimwambia mlezi abaki nusu saa kila Jumanne baada ya zamu, ama unamdai saa za bure au umemwingiza mwajiri kwenye malipo ambayo hakuyapanga.

Sisi tumeweka dakika 40, Jumanne na Alhamisi, mara tu baada ya makabidhiano ya zamu. Na mlezi anapunguziwa jobu kadi mbili kwa wiki, yaani karatasi mbili za kazi alizopangiwa. Hilo la jobu kadi ndilo meneja atakalokupinga. Mwonyeshe gharama ya siku mbili za boila iliyolala. Mimi nilimwandikia hesabu kwenye karatasi moja, sikuhitaji ya pili.

Kufundisha kwenyewe

Njia ninayotumia si yangu. Wamarekani waliitumia viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika mpango ulioitwa TWI, mafundi wengi walipokwenda vitani na viwanda vikalazimika kupokea watu ambao hawajawahi kushika chombo. Baada ya vita ukavuka hadi Japani, na Toyota wakaushika mpaka ukaonekana wa kwao. Una hatua nne: mwandae mtu na ujue anajua nini tayari, mwonyeshe, mwache afanye huku anakueleza anachofanya, kisha mfuatilie, ukimpunguzia usimamizi kidogo kidogo.

Utamu uko kwenye hatua ya pili. Kabla hujamwonyesha mtu, ivunje kazi vipande, na kila kipande ukiseme mara tatu: unafanya nini, unashika nini, kwa nini. Chukua kuingiza beringi kwenye shafti ya mota. Unafanya nini: unaisukuma beringi mpaka ikae kwenye bega la shafti. Unashika nini: unagonga kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye duara la ndani, si la nje. Kwa nini: ukigonga duara la nje, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kulia kabla hujamaliza kujisifu.

Bila ile "kwa nini" umemfundisha bomba tu. Siku bomba limepotea atachukua nyundo na patasi, atagonga popote panapofikika. Akijua sababu, atatafuta kitu kingine kinachokaa kwenye duara la ndani. Grisi vivyo hivyo. Vijana wengi wanaamini beringi inapenda kushiba. Mwambie ajaze theluthi mpaka nusu ya nafasi iliyo wazi, lakini mwambie pia kwamba grisi ikizidi inavurugwa na gololi, inachemka, na joto ndilo linaloiua beringi. Mpe mbili, moja iliyoshibishwa na moja iliyopimwa, aziguse baada ya saa moja. Hatasahau.

Kisha hatua ya tatu, na hapa ndipo walezi wengi tunapoanguka. Mikono mfukoni. Nasema mfukoni kwelikweli. Ovaroli zina mifuko. Kijana anapapasa spana namba 17 wakati nati ni ya 19, wewe umeshaiona, mkono unakuwasha, opareta wamesimama wanauliza mashine inarudi lini. Usiguse. Uliza: "Umeijaribu kwa mkono kwanza?" Nyamaza. Hesabu mpaka ishirini.

Nilijifunza hili kwa aibu. Kuna kijana nilimpokonya spana mbele ya zamu nzima kwa sababu alikuwa anachelewesha mashine ya kusokotea. Niliinua ile mashine kwa dakika sita. Kijana akaacha kuniuliza chochote. Kila nikimweleza jambo, "Sawa fundi." Nikimtuma, "Sawa fundi." Ilinichukua karibu mwezi kugundua kwamba "sawa fundi" yake maana yake ni "niache." Nilikwenda kumwomba radhi, tena mbele ya zamu ileile, maana aibu niliyompa hadharani nisingeweza kuirudisha chemba. Leo nikisikia "sawa fundi" tatu mfululizo kutoka kwa mwanagenzi yeyote, nasimamisha somo, namwambia anieleze yeye.

Mikono inatoka mfukoni mahali pamoja: pakiwa na hatari. Kwetu vumbi la mkonge linaziba feni za mota, linashika moto haraka, na mota iliyopoteza fezi moja inanguruma inachemka huku mtu ameinama juu yake. Kabla ya kugusa chochote umeme unakatwa, kufuli la mwanagenzi linawekwa kwenye swichi, na ufunguo anakaa nao yeye, si mlezi. Anapima mwenyewe kuhakikisha hakuna umeme. Hapo hakuna kujifunza kwa kukosea. Akiruka kipande hicho, kazi ya siku hiyo imeisha, tunarudi kwenye benchi.

Daftari

Moja, la shule, la kurasa 96. Safu tatu: nilifanya nini, kilinisumbua nini, nataka kuuliza nini. Mwanagenzi anaandika, mlezi anatia saini na tarehe. Safu ya kati ikiwa tupu wiki mbili, kuna mtu anadanganya.

Wahandisi wenzetu wana mfano mzuri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu 2003 inaendesha mpango wa SEAP, ambapo mhitimu wa chuo anafanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anaandika kazi zake na kutoa taarifa. Fundi mchundo hana kitu hicho, lakini VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu aliyejifunzia gereji au kiwandani anapimwa, penye mapungufu anafundishwa, anapewa cheti. Mmoja wa vijana wetu alipokwenda kupimwa alibeba madaftari yake mawili. Anasema hakuyafungua kule. Ila usiku wa kuamkia siku hiyo aliyasoma yote, akashangaa kumbe amefanya mengi kiasi hicho.

Mambo mawili madogo. Mwanagenzi akiwa binti na mlezi mwanamume, kazi yao ifanyike palipo wazi, isiwe stoo zamu ya usiku, na binti awe na mwanamke mwingine kiwandani wa kumwendea hata kama si fundi. Pili, wasioelewana waachanishwe bila barua wala kikao. Unawaambia tu, "mstari huu tunampa mwingine," na maisha yanaendelea.

Utajuaje umefaulu

Usigawe dodoso. Watu wetu wana adabu, watakuandikia kwamba kila kitu kilikuwa kizuri sana. Mpe mlezi likizo. Sheria ileile inampa siku 28 kwa mwaka, na mafundi wakuu wengi hawazimalizi kwa sababu kiwanda "hakiwezi." Mtoe aende, kisha usimpigie simu. Kila mara mkono unapoifuata simu, andika kwenye karatasi ya kalenda ni mstari gani uliokusukuma. Hiyo ndiyo kazi ya robo mwaka inayofuata.

Mwaka jana zamu ilinifikia mimi. Nikaenda Pangani kwa dada yangu, simu nikamkabidhi mpwa wangu aichezee gemu. Siku ya sita jioni akaniletea inalia. Alikuwa yule binti wa zamu ya usiku, niliyekuwa namlea kwenye mstari wa boila.

"Shikamoo fundi. Samahani kukusumbua likizoni."

"Marahaba. Pampu?"

"Hapana, pampu ilizingua jana, tumeshaiinua. Fundi, ule ufunguo wa kabati la grisi umeondoka nao?"

Nikapapasa mfuko wa shati. Ulikuwemo.