Biashara unayoiota, mtu unayemtaka na Mungu wako: namna ya kuviandika kwenye daftari moja

Watu wengi huku Kigoma ukiwauliza ndoto yako ni nini wanakujibu fasta, nataka duka kubwa pale Mwanga, nataka mume anayejielewa, nataka nimkaribie Mungu zaidi. Majibu mazuri kabisa ila kesho asubuhi hayakusaidii kitu. Na kibaya zaidi kila moja tunaliweka kivyake, biashara tunaiongelea kijiweni, mchumba tunamwongelea na mashoga zetu, Mungu tunamwachia Ijumaa au Jumapili. Mimi nasema viandike pamoja, maana vyote vitatu vinachota kwenye mfuko mmoja na vinagombania siku ileile moja, ukikipa hiki basi kile kimepungukiwa, na ni bora ujue mapema kipi kitapungukiwa kuliko kuja kugundua ukiwa umeshakopa na umeshatolewa mahari.

Tafuta daftari, kauntabuku lile la shule linatosha. Simu hapana, kwenye simu utaandika mistari miwili alafu meseji inaingia unahamia kwenye status za watu na ndoto yako imeishia hapo.

Anza na Jumanne

Usianze na "malengo". Andika Jumanne moja ya kawaida ya hayo maisha unayoyataka, tuseme miaka mitano mbele, toka unaamka mpaka unalala. Umeamka saa ngapi, uko mtaa gani, nani yupo ndani, mikono yako inashika nini, hela inatoka kwa nani, unakula saa ngapi na unasali saa ngapi. Jumanne nimeichagua kwasababu haina harusi, haina Idi wala Krismasi, ni siku ya kazi tu. Na kuna masharti: gari na ghorofa usiviweke kwanza, vinakufanya uandike uongo mtamu.

Ukimaliza soma ulichoandika kama vile kimeandikwa na mtu mwingine. Utashangaa. Kuna dada atakuambia ndoto yake ni biashara ya dagaa, ila Jumanne yake yote yupo ofisini kwenye kiti cha kuzunguka anapokea simu, hakuna sehemu ananuka samaki. Huyo haoti biashara ya dagaa, anaota hela ya dagaa, na ni vitu viwili tofauti kabisa jamani.

Ebu tuichukue hiyohiyo ya dagaa maana ndio inayotajwa sana huku. Nenda mwalo wa Kibirizi kabla hakujapambazuka vizuri. Mitumbwi inaingia, wavuvi wamekesha na taa zao, watu wanagombania beseni kwa kelele, we ukizubaa unaambiwa mzigo umeisha. Ukishanunua unapeleka kwenye chanja, ile meza ya kuanikia, unaanza kuwatandaza mmoja mmoja wasilaliane, wakilaliana wa chini hawakauki, unafukuza ndege, unageuza, alafu muda wote jicho lako liko ng'ambo upande wa Kongo kuangalia kama wingu linakuja. Mvua ikiwakuta dagaa wako wamekauka nusu wanabadilika rangi wanaanza kunuka na wewe unaanza kutafuta mtu wa chakula cha kuku, kwa bei atakayotaka yeye. Mwenzako aliyeona chanja ni gharama akaanika chini, dagaa wake wana mchanga, mteja wa Dar akitafuna mara moja tu ile krr krr hanunui tena. Sasa hiyo ndio Jumanne yenyewe, kama umeisoma na bado moyo unasema twende, basi hiyo ni ndoto yako kweli, iandike.

Alafu chini yake andika kalenda ya hela. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, mbalamwezi ikiwaka taa zao zinakosa nguvu ya kuvuta samaki, kwahiyo kila mwezi kuna siku ambazo hakuna mzigo, ziandike. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, uvuvi ukasimama ili samaki wazaliane. Waliokuwa na kitu kingine pembeni, mawese, mihogo, cherehani, walipumua. Ambao kila kitu chao kilikuwa ziwani wanajua wenyewe. Kwahiyo swali la lazima kwenye huo ukurasa: ziwa likifungwa miezi mitatu nakula nini na nalipa kodi na nini? Kama ndoto yako sio samaki badilisha tu jina, mwenye saluni ajiulize umeme ukisumbua, mwenye mawese ajiulize msimu ambao kila mtu ana madumu na bei imelala chini, mwenzetu wa Tabora mwenye asali ajiulize mwaka ambao maua yamekuwa machache na mizinga imetoa kidogo.

Kuhusu makaratasi sitakaa sana. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa bure TRA, usimpe mtu hela eti akusaidie. Mauzo yako yasipozidi milioni 4 kwa mwaka kodi ya mapato hulipi, ukizidi hapo ndio hesabu inaanza, sasa weka kumbukumbu toka siku ya kwanza. Ukitaka kufungasha bidhaa yako vizuri na kupata alama ya ubora ya TBS anzia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba ila kwa kawaida inapita kwenye kikundi, kwahiyo swali sio mkopo, swali ni je unao watu unaoweza kudaiwa nao pamoja bila kukimbiana. Liandike hilo pia, wangapi na kina nani. Ukikuta majina hayafiki anza kutafuta watu kabla ya kutafuta fomu.

Mtu unayemtaka

Hapa ndio watu wanaandika kurasa nyingi na zote hazina kazi. Mrefu, mcha Mungu, ana kazi, anajua kupenda, asiwe na kiburi. Dada zangu na kaka zangu hiyo orodha hata mama yako angeweza kukuandikia. Rudi kwenye Jumanne yako. Saa kumi alfajiri wewe uko mwaloni, nani yuko nyumbani na mtoto? Ukisafirisha mzigo na treni ukakaa Dar wiki nzima, huyo mtu analichukuliaje? Kuna mwanaume mzuri tu, mpole, anasali, ila anataka mke ambaye saa kumi na mbili jioni yuko ndani kila siku. Hana kosa, lakini kwenye Jumanne yako hana pa kukaa, na wewe kwenye yake huna. Sio lazima mmoja awe mbaya ndio msifae.

Kwahiyo badala ya sifa andika maswali, machache lakini yenye meno. Hela ikiingia anaishika nani, na kila mmoja anajua mwenzie anapata kiasi gani? Ndugu wanaotegemea ni wangapi, mdogo wake anayesoma nani analipa? Watoto lini na wangapi, na wakichelewa kuja je? Tutakaa hapa au kwao Kasulu au kwa mama yake? Biashara ikifa atakuwa upande wangu au atakuwa wa kwanza kusema nilikuambia? Hili la mwisho usimuulize kwa mdomo maana kila mtu atajibu vizuri. Liangalie. Muangalie siku boti imemchelewesha, siku mtu kamdhulumu chenji, siku Yanga au Simba yake imefungwa, pale ndio anajibu.

La dini msilikwepe eti mapenzi yatatatua. Huku kwetu, Ujiji hasa, familia moja unakuta kuna shangazi anaenda msikitini na mjomba anaenda kanisani na wanakula sahani moja, kwahiyo kuishi pamoja inawezekana, ila muongee watoto watafuata wapi na ndoa mtafunga wapi. Ndoa ya serikali ipo, kwa mkuu wa wilaya, mnatoa taarifa siku 21 kabla.

Alafu sheria, maana wengi hatuijui mpaka tufikishwe mahakamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia huwezi kuiuza au kuiweka rehani bila mwenzio kuridhia, kwahiyo kama ndoto yako ya biashara inategemea kukopa kwa nyumba, sahihi ya mwenza sio hisani, ni lazima. Na ile kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983 kwenye Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani na kulea ni mchango kwenye mali za ndoa, ile kauli ya "yeye alikuwa anakaa tu nyumbani" ilishajibiwa zamani. Hata mnaoishi pamoja bila ndoa, ikifika miaka miwili na watu wanawajua kama mke na mume, sheria inaweza kuwahesabu hivyo. Kaka unayesema "tunaangaliana tu kwanza", na wewe dada unayesubiri aamke siku moja atume mshenga, huu mstari muusome mara mbili.

Mungu

"Nataka nikue kiroho" ni sentensi nzuri ila haina mlango wa kuingilia. Ipe saa na mahali. Mwislamu anayefanya biashara ya mwaloni tayari ana mgongano, mitumbwi inaingia alfajiri na swala ni alfajiri. Sasa usiandike "nitajitahidi", andika mswala utakaa kwenye mfuko gani, utaswalia wapi na nani atakushikia beseni dakika hizo. Mkatoliki aandike jumuiya yake inakutana siku gani na siku hiyo nani anafungua kibanda. Kitu kidogo ambacho kweli utakifanya kinashinda mpango mkubwa wa kuamka saa tisa usiku kila siku ambao utaufanya mpaka Alhamisi. Kufunga ni hivyohivyo, kama ni Jumatatu na Alhamisi angalia kwanza kazi ya siku hizo ni ya jua kali kiasi gani.

Kwenye kuamua mambo makubwa, iwe mtaji au mchumba, omba, ila jua unaomba nini. Istikhara ni rakaa mbili na dua alafu unaendelea na jambo lako, ukiona njia inafunguka unaenda, ukiona inakataa unaacha, sio lazima uote ndoto ya mtu kavaa nyeupe. Watu wanakaa miezi wanasubiri ndoto na mchumba ameshaolewa. Wakristo wenye novena, ile sala ya siku tisa mfululizo, tisa ni tisa, ya kumi unatakiwa uwe na hatua hata moja ya kuchukua.

Na kuna hawa wa "toa sadaka hii biashara ifunguke", au mganga wa kuvuta wateja. Msimamo wangu ni mmoja, mtu akitaja kiasi cha hela kabla hajauliza hali yako, ondoka. Sadaka unatoa kwa moyo wako, sio kwa mtaji wa dagaa wa wiki ijayo.

Ukitaka kujua kama unakua usiangalie machozi ya kwenye maombi, angalia kopo lako. Kopo la kupimia dagaa, kisado cha mihogo, dumu la mawese, ndio mtihani wetu. Ukilibonyeza kopo chini kidogo hakuna anayeona, na jioni faida inaonekana. Waislamu wana sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, Wakristo wana Mithali inayosema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, yaani hapa hata shangazi na mjomba wa Ujiji wanakubaliana. Kwahiyo ukurasa wa Mungu weka mstari mmoja wa kujijibu kila jioni: leo kipimo changu kilikuwa sawa? Ndio au hapana, maelezo hayahitajiki.

Sasa vigonganishe

Chora wiki moja, Jumatatu mpaka Jumapili, jaza kazi, jaza muda wa mwenza hata kama bado hujampata, jaza ibada. Kila panapogongana weka duara kwa kalamu nyekundu. Usiogope maduara mengi. Chukua moja tu, lile linalokuuma zaidi, uamue nani anapunguziwa. Labda unaacha kununua mwaloni mwenyewe unanunua dagaa waliokauka kwa jumla, faida inapungua ila alfajiri inarudi kuwa yako. Labda unabaki na mwalo na unakubali mchumba wako atakuwa mtu wa biashara kama wewe na sio wa ofisini. Mengine acha kwanza, utayarudia zile siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi imelala na huna mzigo.

Na ukishampata mtu, ukurasa wa biashara na wa maswali mwonyeshe, wa maombi baki nao mwenyewe. Mwambie na yeye aandike Jumanne yake bila kuiona yako kwanza, la sivyo atakuandikia unachotaka kusikia. Kama ni mtu asiyependa kuandika muulize kwa mdomo mkiwa mnatembea, aanze na saa anayoamka, na akikujibu "mimi popote tu, chochote tu" usilikubali hilo jibu, mpe wiki mbili umuulize tena.