Daktari kwa simu mtoto akiumwa: jiandae hivi usitoke kapa

Siku hizi wengi tunaongea na daktari kwa simu au vidio, hasa mtoto akizidiwa usiku au hospitali ikiwa mbali, na mimi naisapoti kabisa, ila wazazi wengi tunasahau kwamba daktari wa upande wa pili hawezi kumgusa mtoto wala kumpima chochote, anachokijua ni kile utakachomwonyesha na kumwambia wewe. Ukipiga hujui mwanao ana kilo ngapi, homa imeanza lini, umempa dawa gani na saa ngapi, utapewa majibu ya kubahatisha na hela umeshalipa.

Tuanze na yasiyo ya simu. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri, usihangaike na bando, tafuta usafiri. Kifua cha chini kikiingia ndani kila akivuta pumzi, hivyo hivyo. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 kwenda juu, au wa baridi isivyo kawaida, mpeleke tu hata kama unamwona mchangamfu. Daktari mpigie mkiwa njiani.

Halafu malaria. Kwa sisi tunaoishi kwenye mbu, homa ya mtoto inataka kipimo cha damu na hakuna anayeweza kuiona malaria kwenye kioo cha simu, kwa hiyo daktari akikwambia kapime kwanza usimwone kama amekwepa kazi, huyo ndo anayejua kazi yake. Anayekuandikia mseto bila kipimo wakati kituo kipo karibu, huyo ndo wa kumtilia shaka.

Kabla hujapiga weka karibu kadi ya kliniki (kule Kenya ni kile kitabu cha mama na mtoto), kipimajoto, kalamu na dawa zote alizotumia, tena chupa zenyewe, usizitaje kwa kichwa. Chukua paracetamol ya maji, kuna yenye 120mg kwenye kila ml 5 na kuna yenye 250mg kwenye hizo hizo ml 5, ukisema tu "nimempa kijiko kimoja" daktari hajui umempa kiasi gani, na dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake. Kama uzito wa kwenye kadi ni wa miezi sita iliyopita, sema hivyo.

Sasa hili la pumzi naomba ulisome taratibu maana ndilo linalookoa watoto wenye nimonia na mzazi yeyote anaweza kulifanya. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, akiwa amelala ni vizuri zaidi. Pandisha nguo uone kifua na tumbo, weka taima ya dakika nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili kwa sababu watoto wadogo pumzi zao hazina mpangilio. Kifua kupanda na kushuka ni moja. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukipata namba hizo mtoto anatakiwa aonwe ana kwa ana siku hiyo hiyo, simu isikucheleweshe. Na kama anakohoa vibaya usiku, mrekodi vidio fupi muda huo huo, maana ukija kumpigia daktari asubuhi unakuta katulia kabisa, huna cha kumwonyesha.

Picha za upele piga mchana karibu na dirisha, mwanga umwangukie mtoto usitokee nyuma yake, moja ya karibu na moja ya mbali, na weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri kwenye kamera, kwa hiyo pitisha kidole useme kama pamevimba, pana joto, au pana magamba.

Muulize daktari namba yake ya usajili, haoni aibu daktari wa kweli. Kenya unaweza kumtafuta kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari kule, Tanzania wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ukitaka ushauri tu, Tanzania kuna 199 ya Wizara ya Afya, bure. Na kabla hajakata, mrudishie dozi kwa sauti kwa ml, kisha muulize asipopata nafuu mpaka lini ndo umpeleke.

Kwa vijana wa sekondari mambo yanabadilika. Binti wa miaka 15 hawezi kusema ukweli kuhusu hedhi, mahusiano au mawazo yanayomnyima usingizi huku mama amekaa ubavuni anamjibia. Anza nao pamoja, toa historia ya ugonjwa, halafu mpe iyafoni, toka chumbani na funga mlango, na usije ukamhoji baadaye kaulizwa nini. Daktari mzuri atamweleza mwanzoni kipi kitabaki siri na kipi hawezi kukificha, kwa mfano kuna mtu anamdhuru au anafikiria kujiua. Kama nyumba ni chumba kimoja, atumie kuchati badala ya kuongea, au mpe simu akakae nje uani, na akimaliza asilazimishwe kukuonyesha meseji. Mpe pia namba 116, ni simu ya watoto na vijana, inafanya kazi Tanzania na Kenya na hailipiwi, aiandike mahali pake mwenyewe.